Bosi Akija, Tunapiga

5 Juni

Kasuku,

Mimi mzima. Mgongo uko vile vile. Kiwandani tunafyatua matofali kama kawaida, jua kali, mchanga umejaa mawe.

Jumamosi ya tarehe 22 tunapiga tena. Mimi, kinyozi na mpishi wa kantini. Kinyozi ana uwanja nyuma ya banda lake, kauezeka bati. Mara ya mwisho walikuja watu saba. Wawili walikuwa wanasubiri kunyolewa.

Tangu mama yako aondoke hatuna wa kuita watu. Yeye alikuwa anapita mlango kwa mlango, huwezi kumkatalia. Sisi watatu hatuna mdomo. Mpishi aliandika tangazo, "Njooni muziki." Hakuna aliyekuja, hata mke wake.

Wewe unasoma hiyo mantiki na alama zako. Likizo ulinichorea mezani nikacheka. Tutengenezee tangazo la namna hiyo. Mtu akisimama kushangaa, atalisoma. Liwe fupi, naandika kwa mkono.

Barua mpe shemeji, mjomba wako, akileta lori huko. Zamani mama yako ndiye alinisomea barua zako. Sasa nasoma mwenyewe, kwa kidole. Kwa hiyo andika herufi kubwa.

Baba yako


8 Juni

Shikamoo Baba,

Mjomba kanipa barua na papo hapo kanidai jibu, lori lake linapakuliwa nje ya bweni. Tangazo hili hapa. K ni kuja, P ni kupiga.

K → P        Ukija, tunapiga.
¬K → P      Usipokuja, tunapiga.
K ∨ ¬K      Ama utakuja, ama hutakuja.
∴ P            Kwa hiyo, tunapiga.

MUZIKI LAIVU. Jumamosi tarehe 22, saa moja jioni, nyuma ya kwa kinyozi. Mwenye kubisha aje abishe huku anacheza.

Hoja hii haina pa kutokea. Nimemwonyesha mwalimu wetu, mzee mmoja mkavu hajawahi kutabasamu tangu nifike. Kaisoma, kainyanyua, kaisoma tena, kisha kaniuliza kiingilio.

Ila usibadilishe kitu, Baba. Kwenye mantiki ukihamisha neno moja umehamisha yote.

Mitihani yangu ya mwisho inaanza mwezi huu. Nalala vizuri, nakula vizuri, usiulize.

Kasuku wako


12 Juni

Kasuku,

Nimepata. Nimepasua mfuko wa saruji ukawa karatasi, nimeandika kwa rangi nyekundu, nimeubandika kwenye ubao wa getini. Alama zako zote nimeziweka. Zimependeza.

Nimebadilisha kidogo tu. Ofisi walishalalamika kwamba tunacheza muziki bila kuwaalika. Nikaona bosi ajione kaalikwa. Sasa mtu mkubwa huwezi kumwambia "wewe ukija." Ni utovu wa adabu. Nikamtaja kwa cheo chake.

Na mfuko haukutosha. Mistari minne imekula nafasi yote. Yale ya chini nimeyaacha. Muziki kila mtu anajua, mazoezi yetu ya Jumatano yanasikika hadi getini.

Kwa hiyo linasomeka: Bosi akija, tunapiga. Bosi asipokuja, tunapiga. Bosi ama atakuja, ama hatakuja. Kwa hiyo, tunapiga.

Watu wanasimama. Nyapara wetu, yule tunayemwita Filimbi, kasimama kuliko wote. Hakucheka. Katoa kalamu, kanakili yote. Naona limemgusa.

Baba yako


14 Juni

Kasuku,

Nifundishe zile alama. Zote nne. Kila moja jina lake na kazi yake. Nifundishe kama mtu asiyejua kitu, maana sijui.

Kabla ya Alhamisi tarehe 20. Hakuna sababu. Nataka kujua tu.

Baba yako


16 Juni

Shikamoo Baba,

Barua zako mbili nimezipata pamoja. Ya kwanza nimecheka mpaka wenzangu wakagonga ukuta. Halafu nimeacha kucheka.

Baba, bosi akija mnapiga nini? Ukiondoa neno muziki, anayepigwa ni bosi. Akija anapigwa, asipokuja anapigwa, na hana njia ya tatu, maana nilihakikisha mwenyewe kwamba haipo. Nilijenga chumba kisicho na mlango, wewe ukamweka bosi ndani. Nenda kalitoe leo hii. Na uniambie kweli: kuna mtu kalalamika?

Sasa somo lako, profesa. Mshale → ni "kama hiki, basi kile." Unakwenda upande mmoja tu, haurudi. Hiki ¬ ni "si." Kinakataa chochote kilicho mbele yake. Vinukta vitatu ∴ ni "kwa hiyo," ukishavifikia umemaliza kazi.

Ya nne, ile ∨, inataka maelezo kidogo na Mjomba anapiga honi. Nitakuletea safari ijayo. Umeanza lini kupenda masomo wewe? Mama angesikia angekupikia sherehe.

Kasuku wako


17 Juni

Kasuku,

Tangazo limetoka. Watu wamecheka tu. Hakuna aliyelalamika. Soma vitabu vyako.

Mshale nimeuelewa. Ni ule ubao tunaopandishia toroli. Ukipita kwenye ubao utafika juu. Lakini ukikuta toroli liko juu, huwezi kuapa kwamba lilipita kwenye ubao. Labda watu wanne walilinyanyua. Sawa?

Alama ya pili ni Filimbi mtupu. Unasema hivi, yeye anasema sivyo. Vinukta vitatu ni king'ora cha saa kumi, kazi imekwisha.

Nataka ya nne. Ile iliyokaa kama faneli. Shemeji akifika huko mpe, asirudi bila hiyo.

Baba yako


17 Juni

Binti yangu,

Hii nimeikunja ndani ya barua ya baba yako. Yeye hajui. Mimi si mtu wa kuandika, nina usukani mkononi miaka yote, ila safari hii nisiponena nitaumwa.

Kakudanganya. Tangazo hakulitoa yeye, lilibanduliwa na askari wa geti. Filimbi kalipeleka ofisini, kasema ni vitisho kwa bosi, na hizo alama ni lugha ya kundi la watu wanaotaka fujo. Alhamisi baba yako anasimama mbele ya bosi.

Wamemwambia ataje aliyetunga. Akitaja, yeye anabaki kazini, wanahangaika na huyo aliyetajwa. Yeye kasema, nimetunga mwenyewe. Wakacheka, mtu wa darasa la tatu. Ndipo bosi akasema sawa, Alhamisi aje aeleze alama moja moja. Bosi kasoma chuo, anazijua. Baba yako akizieleza, basi ni zake, anafukuzwa na chumba cha kampuni anakitoa. Akishindwa, basi kuna mtu nyuma yake, na karani keshaanza kuuliza wafanyakazi gani wana watoto chuoni. Yuko mmoja tu.

Wewe unasomeshwa na kampuni hiyo hiyo. Wakijua ni wewe, jina linafutwa siku ile ile. Lakini akifukuzwa yeye, wewe huguswi. Waliokwisha kuandikwa wanamaliza. Kaenda kuuliza hilo kwanza, kabla ya kitu chochote. Nilikuwa naye.

Ndiyo maana anajifunza. Anabandika barua yako kwenye mashine ya zege, anachota mchanga huku midomo inatembea. Vijana wanadhani kawa mlokole.

Marehemu dada yangu aliniachia nyie wawili. Sasa sijui nimsaidie nani.

Mjomba wako


18 Juni

Mjomba, shikamoo,

Bahasha ya Baba hii hapa. Mpe, na usimwambie kwamba najua.

Nikimwandikia aache hataacha, unamfahamu. Nikimwandikia bosi moja kwa moja, Baba atasema namkingia tu, na atakuwa na alama zote kichwani za kuthibitisha. Kwa hiyo nimefanya nilichoweza. Alama ya nne nimemfundisha uongo, makusudi. Nimempa maana ya alama nyingine kabisa. Alhamisi atafika hapo, atajibu nilivyomwambia, na bosi atajua si zake.

Abaki na kazi yake. Abaki na chumba kile, ukuta wake una alama ya kichwa cha Mama alipokuwa anaegemea kusuka. Mimi bado kijana, nitahangaika.

Sijawahi kumdanganya Baba kitu cha shule. Ndicho pekee alichokuwa akiniamini bila kuuliza. Naomba ukae kimya.

Kasuku


18 Juni

Shikamoo Baba,

Alama ya nne, ∨, ni "na." Maana yake vyote viwili kwa pamoja. Ukiandika chai ∨ mkate, ni chai na mkate, vyote viko mezani. Hakuna zaidi. Mtu akikuuliza mjibu hivyo hivyo, usiongeze neno.

Toroli lako ni sawa kabisa. Mwalimu wangu hawezi kueleza vizuri hivyo.

Kasuku wako


24 Juni

Kasuku,

Alhamisi imepita. Jumamosi imepita. Leo Jumatatu nimetia sahihi. Nakuandikia yote mara moja. Usinikatize.

Barua yako ya alama ya nne niliipata Jumatano. Nikaikariri kwenye foleni ya maji. Chai na mkate. Chai na mkate. Mama mmoja akaniambia, baba, kama una njaa sema.

Alhamisi asubuhi nikawa namwagilia matofali ya juzi. Nina mpira mkononi, najisomea tangazo kichwani. Nikafika mstari wa tatu. Bosi atakuja na bosi hatakuja. Nikafunga maji.

Mtu hawezi kuja na asije. Hata Filimbi hawezi, na Filimbi anaweza mengi ya hovyo.

Nikadhani nimesahau. Nikachomoa karatasi yako ya kwanza, ninayo mfukoni. Kwa mkono wako umeandika "ama." Ama hiki ama kile. Na alama ni ile ile, faneli.

Nikafikiri. Kasuku hajakosea alama tangu darasa la kwanza. Kama hakukosea, basi amefanya kusudi. Kama amefanya kusudi, basi anajua. Na aliyemwambia ni mmoja. Nikamfuata shemeji kwenye lori. Sikumuuliza kitu. Nilisimama tu namtazama. Akaanza kufuta kioo, na kioo ni kisafi.

Nilikasirika. Naandika hili ujue. Mambo ya shule wewe ndiye nakuamini, mimi nakufuata kama kipofu. Ukanishika mkono ukanipeleka shimoni, hata kama shimo lenyewe lina godoro.

Saa nne wakaniita. Bosi, Filimbi, karani. Mfuko wangu uko juu ya meza, bado unamwaga vumbi. Filimbi kaanza. Kasema neno kupiga lina maana moja na kila mtu anaijua. Nikamwambia watu wanapiga pasi, wanapiga simu, wanapiga picha, wanapiga magoti, na yeye mwenyewe anapiga filimbi kutwa nzima na hajashtakiwa. Karani akacheka, akaigeuza kikohozi. Bosi hakucheka. Kaweka kidole juu ya mfuko, kasema alama.

Mshale nikaueleza kwa toroli. Bosi kainua macho. Kaniuliza, toroli lisipopita kwenye ubao je? Nikamwambia lisipopita sijui kitu, ila likiwa halipo juu, basi najua halikupita kwenye ubao. Kaandika kitu pembeni. Alama ya pili nikaeleza bila kumtaja Filimbi, nilijizuia. Vinukta vitatu nikaeleza.

Kidole kikafika ya nne.

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni, lako na la kweli. Lako linaniachia chumba. La kweli linakuachia chuo. Filimbi kainama mbele, kanusa kwamba nimekwama. Kasema, mnaona, hajui, kuna mtu kamwandikia. Karani kafungua ukurasa mpya. Niliona kashika kalamu tayari kuandika jina, na jina lenyewe niliona kama tayari liko pale.

Nikasema, "Ni ama. Ama hiki, ama kile. Mtu akikwambia ni 'na', atakuwa amemwambia bosi aje na asije, na hilo haliwezekani hata kwa mshahara wake."

Filimbi akajirudisha nyuma.

Bosi kasema basi ni zako. Nikasema ni zangu. Miaka kumi na tisa ya kazi ikaishia hapo, kwa maneno mawili.

Sasa sikiliza Jumamosi.

Watu walijaa, Kasuku. Walijaa hadi wakakaa juu ya ukuta wa jirani. Habari ilikuwa imeenea kiwanda kizima na mitaa ya nyuma kwamba bosi atapigwa kwa kinyozi saa moja jioni. Walikuja kuona. Wengine walibeba viti vyao ili waone vizuri. Mke wa mpishi alikuja, wa kwanza, akakaa mbele. Mimi na kinyozi na mpishi tukakaa na vyombo vyetu kama watu wanaosubiri hukumu, maana umati ule haukutaka muziki.

Na bosi akaja. Peke yake. Akasimama pale mlangoni, gari lake linanguruma nje. Uwanja mzima ukageuka, ukanitazama mimi. Vijana wa zamu yangu walikuwa karibu yake kabisa. Mmoja alikuwa anakunja mikono ya shati. Wale wamekasirika kwa ajili yangu, na hasira ya mtu mwingine ni mbaya, haina breki. Kinyozi mkono umemkauka kwenye gitaa.

Nikaona nisipoanza mimi, ataanza yule kijana.

Nikapiga tumba. Wimbo wa mama yako, ule alioanza yeye siku zote. Hakuna wa kuanza, nikauanza mimi, kwa sauti hii kama mlango. Watu wakashtuka. Halafu mke wa mpishi kaudaka. Halafu wengine. Yule kijana kasimama na mikono yake imekunjwa, hajui aifanyie nini, mwisho akapiga makofi. Bosi kakaa nyimbo mbili. Alikuwa anagonga mguu. Nimemwona mimi, asije akakataa. Kisha kaondoka. Filimbi hakuja.

Tulipiga mpaka kinyozi akakata nyuzi mbili.

Leo nimetia sahihi. Karatasi inasema kosa ni kutunga maneno ya vitisho. Barua ilishaenda makao makuu tangu Ijumaa, hairudi. Chumba natoa mwisho wa mwezi, kinyozi kanipa cha uani. Kuna mtu anajenga huku nyuma anataka wa kuchanganya zege. Kesho naanza. Usilie, nakujua.

Kuna kitu kimoja kimebaki.

Karani alitoka kutafuta muhuri. Tukabaki mimi na bosi. Faili langu liko wazi mezani, na juu kabisa fomu yako ile ya kusomeshwa, na picha yako una nywele fupi. Neno mantiki limeandikwa pale kwa wino mweusi. Nililisoma kichwa chini miguu juu, bila kidole. Na bosi kidole chake kiko hapo hapo juu ya neno.

Akaniuliza, "Binti yako anasoma nini kule?"

Nikasema, "Upishi."

Kidole hakikutoka. Nilisikia mashine inasaga nje. Alisoma lile neno, akanitazama, akalisoma tena. Halafu akafunga faili, taratibu, kwa mikono miwili.

Akasema, "Basi mwambie apike vizuri, asiunguze."

Karani akaingia na muhuri.

Kwa hiyo ofisi ikikuandikia, wewe ni mpishi.

Baba yako